Kigoda Kilichotazama Mlima

Mimi nilitaka kujulikana. Nasema wazi, kwa sababu watu wakishazeeka hujifanya waliyakimbia makuu tangu utotoni, na huo ni uongo mtupu. Nilitaka jina langu litajwe na watu nisiowajua. Nilitaka mwanamke fulani wa Tabora au Tanga, ambaye hajawahi kuniona, ainue uso kutoka kwenye sufuria yake awaambie watoto, "Nyamazeni kidogo, huyu ndiye yule." Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa na sauti, na nyimbo nilizoimba nilizitunga mwenyewe.

Ugonjwa huo niliupatia dukani, mjini Mbeya. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, redio zikiwa bado za kuhesabu, na mojawapo ilikuwa imewekwa kwenye rafu ya duka la nguo, kati ya majora ya vitambaa. Niliingia kununua uzi. Kile kisanduku kikakwaruza kidogo, kisha mwanamke akaanza kuimba kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na wimbo wenyewe haukuwa wa ajabu. Nilisikia kabisa mahali ulipochechemea. Lakini watu wote mle dukani walisimama. Mzee mmoja alikuwa ameshika kofia ya kujaribu, akasahau kuivaa. Nilitoka bila uzi. Njia nzima ya kupanda mlimani nilitembea kama mtu aliyelewa, nikiiona sauti yangu ikienda peke yake, ikiingia nyumba za watu, ikikaribishwa na kupewa kiti, mimi mwenyewe nisiwepo. Tangu siku ile nililala na jambo hilo nikaamka nalo.

Niseme kwanza nilifikaje Mbeya. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, karibu na Iringa. Mume wangu alikuwa Mnyakyusa, fundi seremala, aliyekuja kwetu kuezeka paa la kanisa, akakaa muda mrefu kuliko paa lilivyohitaji. Tukaoana, akanichukua kwao, milimani juu ya mji. Watu wanadhani kilichonitisha kule ni baridi, au lugha. Kilichonitisha ni baba mkwe.

Si kwamba alikuwa mkali. Sikujua alikuwaje, na ndipo yalipoanzia yote haya. Kwa mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawaonani kabisa. Ukimsikia njiani unaingia majanini, unampa mgongo, unajifunika kichwa mpaka apite. Huingii nyumbani kwake, hukai alipo, hutamki jina lake. Si chuki, ni heshima, na yeye pia ana wajibu wake: akikaribia akohoe, upate nafasi ya kujificha. Watu wengi wa kanisa walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo, lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani. Wiki ya kwanza nilimwambia mume wangu, "Kwetu Uhehe tunawaheshimu wakwe, lakini hatuwageuzi mizimu wangali hai." Akacheka, akasema, "Utazoea."

Nikazoea. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya yao, na katikati palikuwa na migomba na ua wa mianzi uliosukwa, mrefu kuliko mtu. Baba mkwe nilimjua kwa kikohozi: viwili vya haraka, kimoja cha kuchelewa. Nilimjua kwa harufu ya kiko na kwa fimbo yake kwenye mawe. Uso wake sikuwahi kuuona. Usiku niliwahi kumwota mara kadhaa, na kila mara alikuwa na uso wa mtu mwingine, mara wa mchungaji wetu wa Kalenga, mara wa marehemu babu yangu, na nikiamka nilijiona nimemkosea adabu.

Jiwe langu la kusagia ulezi lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye ule ua. Nilisaga asubuhi, saa ambayo ukungu umeshuka. Mtu aliyekulia Kalenga hawezi kuuzoea ukungu wa Mbeya. Kwetu asubuhi unaona kila jiwe la mlima wa ng'ambo. Mbeya unaamka na dunia imeondolewa: mgomba haupo, njia haipo, jogoo anawika hujui kutoka wapi, na mkono wako mwenyewe ukiunyoosha unakuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa nasaga ndani ya weupe ule, ulezi unakwaruza, unga unatiririka kwenye ungo, na maneno yanakuja yenyewe. Sikuyatafuta. Wimbo uliokuja kuniponza ulianza hivi:

Ukungu, shemeji wa mlima,
hubishi hodi, huulizi wenyewe,
umeingia, umekaa jikoni,
umenificha hata mimi nafsi yangu.

Niliimba kwa Kiswahili kwa sababu Kihehe pale hakuna aliyekielewa, na Kinyakyusa changu kiliwachekesha mpaka kuku. Mume wangu naye Kiswahili ndicho tulichochumbiana nacho.

Basi ikaja habari kwamba gari la redio lingepita Mbeya kunasa nyimbo za wenyeji. Lingesimama siku moja kwenye uwanja wa shule, bonde la chini yetu. Wanawake wa kanisa tukajikusanya, na bila ubishi mimi nikapewa kuongoza, maana nyimbo ni zangu. Aliyenifuata kwa sauti alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, msichana mwenye kifua kipana na mdomo mwepesi. Alizijua nyimbo zangu zote. Wiki tatu sikushika jambo lingine. Ugali uliungua, maharage yaliungua, mume wangu alikula kimya kimya. Nilijiona tayari niko Tabora, jikoni kwa yule mwanamke.

Siku ikafika. Gari lilikuwa la rangi ya majivu, na mtu wake alikuwa amevaa vyuma viwili masikioni, mbele yake kuna chuma kingine juu ya mguu mrefu, ndicho cha kuimbia. Wazee walikuwa wamewekewa mabenchi. Waliimba wanaume, wakaimba watoto wa shule, kisha tukaitwa. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusi lililopunguzwa urefu. Nilikuwa nimeshatoka mstarini, nimeshavuta pumzi.

Nikasikia vikohozi viwili vya haraka, na kimoja cha kuchelewa.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanivuta mkono. "Mkwe wako yupo hapa," akaninong'oneza. "Toka, toka upesi." Mzee ambaye kwa miaka hakuwa ameshuka bonde lile, goti lake likiwa bovu, alikuwa ameshuka siku ile. Nilichungulia chini ya mkono wa mtu kabla sijajifunika. Nikaona mgongo wenye blanketi la kahawia. Alikuja na kigoda chake mwenyewe. Wenzake wote walikaa wakitazama waimbaji. Yeye alikuwa amekiweka kigoda mbele yao na kukigeuza kitazame mlima. Alitupa mgongo mbele ya bonde zima.

Nilikimbia. Nilivuta khanga kichwani nikakimbilia nyuma ya madarasa, nikachutama kwenye bustani ya kabichi ya walimu, na nikiwa pale, matope yakiingia kwenye gauni la harusi, nikamsikia wifi yangu akianza: Ukungu, shemeji wa mlima. Aliimba vizuri. Ningependa kusema aliuharibu, lakini hakuuharibu. Nililia kwa uchungu ambao sijaulia hata msibani, na katikati ya kilio nilikuwa nahesabu kama amekumbuka kushusha sauti kwenye mstari wa tatu. Alikumbuka.

Kichwani mwangu nilikuwa na jambo moja tu: mzee yule amekuja kuniaibisha. Amejua mke wa mtoto wake anataka makuu, akaona atoke na goti lake bovu aje anikate miguu, tena akae ametupa mgongo ili kila mtu ajue anavyonidharau. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo. Akasema baba yake hana tabia hiyo. "Basi muulize," nikamwambia. Akasema mambo kama hayo mtu hamuulizi baba yake. Ndiyo hayo ya heshima: kila mtu anafunga mdomo, na moyo wa mwenzako unaoza.

Miezi ikapita. Karibu na Krismasi wimbo ukatoka redioni. Mimi sikuusikia, niliusikia mdomoni mwa watu, wakipanda mlima mbio kuja kumpongeza wifi. Mtu wa gari alimwuliza jina, naye akataja lake na la baba yake, na ndivyo redio ilivyosema. Sasa nikiwa mzee namwelewa. Umeulizwa jina lako, utataja la nani? Lakini wakati ule sikuwa na akili hizo. Alikuja kwangu na zawadi ya sabuni aliyopewa na watu, akitaka tugawane, nikamwambia, "Oga wewe, unaonekana na watu wengi kuliko mimi." Tukanuniana. Na niseme kabisa, ili asingojee mtu kusikia vinginevyo: wimbo ule mpaka leo watu wa umri wangu wanaujua kwa jina la wifi.

Mume wangu alijaribu kunituliza. "Chema chajiuza, mke wangu."

"Changu kimejiuza," nikamjibu, "kwa jina la duka la jirani."

Nikaacha kuimba. Nilisaga ulezi kimya, meno nimeyabana. Nilijisemea, kama sauti yangu haina mwenyewe, basi isiwepo. Ukungu ulishuka ukapanda, na upande wa pili wa ua sikusikia kitu, hata kikohozi.

Baada ya Pasaka niliomba ruhusa kwenda Kalenga kumsalimia mama. Ndiyo, nilimsalimia. Lakini safari ilikuwa ya kaka yangu, mwalimu wa shule ya misheni, mwenye mwandiko mzuri kuliko watu wote niliowajua. Basi lilishuka kwenye tambarare za Usangu, tukapita njia ya Rujewa, ng'ombe wa Wasangu wakikatiza barabara bila haraka na vumbi likining'inia juu yao, la dhahabu, halitui. Niliegemea dirisha nikasinzia. Kila niliposhtuka nilijikuta midomo inacheza, naimba bila sauti, na abiria wa jirani ananitazama kwa huruma akidhani nasali.

Kwetu yalikuwa majira ya ulanzi. Asubuhi mianzi iliyokatwa vichwa inadondosha pombe yake yenyewe, tone baada ya tone, bonde zima, na ukikaa kimya unasikia. Mama alinipokea, "Kamwene," nami nikamwitikia, na kwa siku mbili nilikuwa mtoto tena. Nilikaa juu ya mwamba jioni, ukiwa bado na joto la jua, nikaona mbali mpaka macho yakachoka. Nilikuwa nimeisahau furaha ya kuona mbali. Lakini ajabu, usiku nililala vibaya. Kulikuwa kweupe mno, kila kitu kiko mahali pake, na kichwani hakukuja hata mstari mmoja.

Siku ya tatu kaka akatoa karatasi na wino. Nikamweleza. Akaandika salamu, akaandika kwamba wimbo fulani uliotangazwa siku za karibuni haukutungwa na aliyetajwa. Kisha akainua kalamu. "Walimtaja nani? Jina kamili."

La wifi nikalisema. Akaandika. "Binti nani?"

Nikaanza kukunja ncha ya khanga yangu.

"Binti nani, dada? Wataujuaje wimbo wenyewe? Majina kama hilo la kwanza yako mia."

Nilifungua mdomo. Hapo ni Kalenga. Mzee yuko mbali, siku nzima ya basi, hawezi kunisikia hata kama dunia ingenyamaza yote. Mtu mwenyewe ndiye huyo huyo aliyenipa mgongo. Kutamka jina lake ilikuwa kazi ya midomo tu, na mimi nilikuwa na hasira ya kutosha kutamka na zaidi. Nikajaribu. Ulimi ukakataa. Si hofu, maana hofu naijua. Niliona aibu, ile aibu unayoona ukitaka kumvua mtu nguo amelala.

Kaka akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Wamekuweza Wanyakyusa. Umekuja huku kumshtaki mtu, na jina la baba yake limekushinda."

"Andika dada wa mume wangu," nikamwambia kwa ukali. "Na usiniulize tena."

Akaandika hivyo. Barua ikaenda Dar es Salaam, nami nikarudi Mbeya.

Jibu lilikuja kipindi cha baridi kali. Wenye redio walikuwa na adabu. Walisema hawawezi kujua ukweli wa jambo lenyewe kutoka mbali, lakini gari lao lingepita tena Mbeya mwezi uliofuata, na kama mimi ndiye mtungaji nifike nijitambulishe kwa barua ile ile, niimbe nyimbo zangu na jina langu liandikwe. Mume wangu alinisomea mara tatu. Mara ya nne nilimnyang'anya nikaisoma mwenyewe. Nilikuwa nimekipata. Nilichokililia kwenye kabichi kilikuwa mkononi mwangu, kimepigwa mhuri.

Siku chache kabla ya gari, mama mkwe akashuka kwangu na kikapu cha viazi. Yeye na mimi tulizungumza bila taabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, asiyemaliza sentensi bila kutia mkono kwenye kazi ya mtu. Akaanza kumenya viazi vyangu ambavyo sikumwomba amenye.

"Kwa hiyo utaimba," akasema.

"Nitaimba, mama."

"Vizuri. Huku nyuma hatujasikia kitu miezi yote hii. Mzee amekonda."

Nikadhani ananitania. Nikamwuliza mzee anahusikaje na kuimba kwangu.

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga asiye na kosa. "Mwanangu, unadhani kile kigoda chake kila asubuhi hukaa wapi? Kiko pale kwenye ua. Toka umeolewa. Ukianza kusaga tu, ameshatoka na blanketi lake. Mimi uji wangu ulikuwa unapoa kwa ajili yako. Nikimwita, ananionyesha mkono nikae kimya."

Kisu kilikuwa kinamenya, ganda linashuka refu, halikatiki.

"Na ile siku ya gari," akaendelea, "nilimkataza. Goti lile! Akasema, miaka yote namsikia kwa mwanzi, nataka kumsikia mara moja pasipo na ua. Nikamwambia, mila je? Akasema, nitageuka. Nitatazama mlima, sitamwona, na yeye hataniona uso. Watu wengi, uwanja mkubwa, nani atakasirika? Alifikiria sana jambo hilo. Alikohoa tu kama ilivyo adabu, asije akakushtua. Ndipo wanawake wale wapumbavu wakakutoa mbio." Akatupa kiazi kwenye maji. "Alikaa pale anangoja. Alidhani zamu yako bado. Alipomsikia binti yake anaimba, akainuka akarudi."

Nilienda nje. Nilisimama kwenye migomba nikaona haya peke yangu, haya nzito, ya mtu aliyemtukana mwenzake mwaka mzima kwa wema wake. Mtu aligeuza kigoda ili nipate nafasi, nami nikakiona kuwa dharau. Na kama ningesubiri pumzi mbili tu pale mstarini, pengine ningeelewa. Au nisingeelewa. Nilikuwa natazama Tabora.

Asubuhi ya gari, mume wangu alirudi kutoka kwa baba yake akasema mzee haendi. Ng'ombe wake mmoja ana homa, atabaki kumwangalia. "Ng'ombe mwenyewe nimemwona," mume wangu akaongeza, "anakula majani kuliko wewe." Wote tulielewa amebaki ili mimi nisikimbie tena. Kijiji chetu kizima kilishuka bondeni: mama mkwe, wifi, majirani, watoto, hata bibi mmoja asiyeona. Nilitembea mbele na barua kifuani.

Ukungu ulikuwa mzito hata chini kule, hata gari lilionekana nusu. Mtu wa vyuma masikioni aliisoma barua, akanipa mkono, akaniambia niwe wa tatu. Akaandika jina langu kwenye kitabu, langu na la baba yangu wa Kalenga, mbele ya macho yangu. Wifi akanikaribia. Tulikuwa hatujasemeshana vizuri tangu ile sabuni. Akasema, akitazama pembeni, "Haya. Leo uimbe wa kwako. Mimi nimechoka kuulizwa umetoka wapi, sijui hata nijibu nini." Nikamshika mkono, akauacha.

Akaimba mwimbaji wa kwanza. Akaimba wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye weupe ule nangoja furaha ije. Nilikuwa nimeipa mwaka na zaidi, nimeinyimia nyumba yangu sauti, nimesafiri mpaka Iringa kuitafuta. Nikajaribu kumwona yule mwanamke wa Tabora na sufuria yake. Hakuja. Kila nilipofumba macho nilimwona mtu ambaye sikuujua uso wake, amekaa na blanketi kwenye mlima usio na watu, ng'ombe mzima mbele yake, na hakuna sauti yoyote kule juu, maana wote wenye sauti tuko huku. Dunia nzima ilikuwa imealikwa kunisikia isipokuwa yeye tu aliyewahi kunisikiliza.

"Wa tatu," mtu wa gari akaita.

Nilimwambia wifi, "Ongoza wewe. Nyimbo zote unazijua. Mstari wa tatu shusha sauti." Akasema nina wazimu. Nikamwambia inawezekana. Mume wangu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Nilimpita karibu, akanitazama, akanisogezea watu nipite.

Kupanda mlima ule kwa kawaida kulinichukua muda mrefu. Siku ile sikumbuki miguu. Nakumbuka nyasi zilizolowa, na nyimbo za bondeni zikididimia nyuma yangu mpaka zikawa hazina maneno, na jinsi nilivyokuwa mwepesi, nikicheka peke yangu njiani. Mara moja nilisimama. Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Iliniuma kama jino. Kisha nikaendelea kupanda.

Nyumbani palikuwa kimya kabisa. Nilikwenda nyuma, nikakaa kwenye jiwe langu. Sikuwa na ulezi wa kusaga. Upande wa pili wa ua nilisikia ng'ombe akitafuna, na harufu ya kiko. Alikuwepo. Na yeye alijua kuna mtu, maana kiko kikaacha kuvutwa. Sikukohoa, si kazi yangu kukohoa. Nikavuta pumzi nikaimba.

Mwanzo sauti ilikuwa na kutu. Miezi yote ile ya kununa si mchezo. Nilikwama, nikarudi nyuma, nikaendelea. Niliimba ule wa ukungu wote, na mistari miwili mipya iliyokuja hapo hapo, ambayo hakuna gari lililowahi kuinasa na mimi mwenyewe leo siikumbuki. Nilipomaliza, kimya. Maji yalidondoka kwenye majani ya mgomba. Nikafikiri labda nimekosea yote, labda amelala, labda kweli ng'ombe mgonjwa.

Miaka mitano nilikuwa mke wa nyumba ile na hakuwahi kunisemesha neno. Siku ile nikamsikia akisema na ng'ombe, kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha yake wala ya ng'ombe, pole pole, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni.

"Wewe ng'ombe," akasema, "hukusikia vizuri ile ya mwanzo. Ulikuwa unatafuna. Sasa acha kutafuna, wimbo uanze tena."

Nikaanza tena.